ELIMU NA MAARIFA: Je, Gunia la Chokaa ni Gunia Tu?



Mkulima mmoja wa Angurai ametuletea swali ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya wote. Udongo wa shamba lake una asidi, kama ulivyo katika sehemu nyingi za magharibi ya Kenya, na mahindi yake hudumaa. Ameshauriwa kutia chokaa. Sasa anauliza: mawe ya chokaa yaliyosagwa na chokaa iliyochomwa, zikiwa na uzito sawa, je, nguvu zake ni sawa?

La, si sawa. Na sababu yake ndiyo msingi wa elimu ya kemia.

Kila kitu chenye uzito na chenye kushika nafasi huitwa maada, nayo imejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Ukichanganya mahindi na maharagwe katika kikapu, waweza kutia kiasi upendacho, na kesho ukayachambua. Huo ni mchanganyiko. Lakini atomu zinapoungana kikemia, huzaa kitu kipya, na vipimo vyake havibadiliki kamwe. Jambo hili lilielezwa na mtaalamu wa Kifaransa, Joseph Proust, mwishoni mwa karne ya 18. Jiwe safi la chokaa, liwe limechimbwa Koru au Tororo ng'ambo ya mpaka, lina kalsiamu sehemu 40, kaboni sehemu 12 na oksijeni sehemu 48, jumla 100.

Kwa kuwa atomu hazihesabiki kwa vidole, wataalamu hutumia hesabu iitwayo moli. Sisi twajua kwamba dazani ni 12 na korija ni 20. Korija ya mayai na korija ya mananasi ni sawa kwa hesabu, ila uzito ni mbalimbali. Moli nayo ni hesabu tu, bali kubwa ajabu: ni kama 602 ikifuatwa na sifuri 21. Moli moja ya jiwe la chokaa ina uzito wa gramu 100.

Sasa tulitie jiwe hilo katika tanuru. Moto mkali hulivunja: gramu 44 hutoka zikiwa hewa ya kaboni dayoksaidi, na gramu 56 hubaki, ndizo chokaa iliyochomwa. Hakuna kilichopotea, maana 44 na 56 ni 100. Ukiimwagia maji chokaa hiyo, hupata moto na kuungana na gramu 18 za maji, ikawa unga wa gramu 74.

Tazameni basi maajabu ya hesabu hii. Gramu 100 za jiwe, gramu 56 za chokaa iliyochomwa na gramu 74 za chokaa iliyozimwa kwa maji zina kalsiamu ile ile, na huondoa asidi kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo kilo 50 za jiwe lililosagwa, likiwa safi, ni sawa na kilo 28 za chokaa iliyochomwa, au kilo 37 za ile iliyozimwa. Asiyejua hesabu hii aweza kulipa fedha nyingi kwa nguvu kidogo, ama kutia chokaa kupita kiasi na kuudhuru udongo wake.

Shauri letu ni hili. Kwanza, udongo upimwe kabla ya kununua chochote. Pili, muulize mwenye duka ni chokaa ya namna gani, ni safi kadiri gani, na kama imesagwa laini, kwani mawe makubwa hukawia kufanya kazi. Tatu, jihadharini na chokaa iliyochomwa ambayo haijazimwa: huunguza ngozi na yaweza kupofusha macho. Isiachwe karibu na watoto.

Mali bila daftari huisha bila habari. Basi na tupige hesabu kwanza, ndipo tufungue mkoba.