Betri ya Gari Si Taa ya Nyumbani



Katika pwani yetu ya kaskazini ya Cabo Delgado, kutoka Mto Ruvuma hadi Palma na Mocímboa da Praia, gari liwezalo kupita mchangani si anasa. Ndilo libebalo askari wa doria, mgonjwa na gunia la chakula. Lakini chumvi ya bahari hula chuma, vumbi huziba kichujio cha hewa, na joto hufupisha maisha ya betri.

Nina sababu ya kuyasema haya. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mtunza ufunguo wa gari la ofisi katika kijiji kimoja cha pwani hii. Jioni moja vijana waliniomba betri yake ili wawashe televisheni, watazame mpira. Nikakubali, nami nikaketi nikatazama pamoja nao. Alfajiri akaletwa mama mwenye uchungu wa kuzaa. Tulirudisha betri, tukazungusha ufunguo. Injini ikaguna mara moja, ikanyamaza. Tukasukuma, magurudumu yakazama mchangani. Hatimaye mama alichukuliwa kwa mashua. Yeye alipona, mtoto wake hakuishi. Hakuna aliyenilaumu, lakini ruhusa niliitoa mimi.

Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, kisha kujazwa tena injini inapozunguka. Injini ya dizeli hudai nguvu zaidi, kwa kuwa hewa ndani yake hugandamizwa sana. Gari likiwa limepumzika, betri iliyojaa ya volti 12 hupima volti 12.6 hivi, ikifika 12.2, imebaki na nusu tu. Kuikausha kwa taa au televisheni huharibu bamba zake za risasi.

Basi tushike desturi hii. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, chomoa kijiti cha oili, kifute, kichovye tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, usiwashe. Tazama maji ya rejeta injini ikiwa baridi, na mkanda wa feni usiwe na nyufa.

Kila wiki, kung'uta vumbi la kichujio cha hewa. Fungua vifuniko vya betri, kama inavyo, uhakikishe maji yamefunika bamba. Ongeza maji safi ya betri pekee, si ya kisima wala tindikali. Vichwa vyake vikiota unga, fungua kwanza waya wa hasi, sugua kwa maji yenye magadi bila kuyaacha yaingie ndani, kausha, upake grisi. Waya wa hasi ufungwe mwisho. Usivute sigara hapo, maana betri hutoa hewa iwezayo kulipuka. Tindikali ikiruka machoni, osha kwa maji mengi, kisha nenda hospitali.

Nanyi mlio nyumbani, mkihitaji mwanga, tafuteni paneli ndogo ya jua yenye betri yake. Betri kuukuu isikae jikoni, wala watoto wasiichezee; risasi yake ni sumu.

Mtunza ufunguo, ukiombwa betri jioni, kataa kwa upole. Hujui alfajiri itamleta nani mlangoni.

Wiki ijayo tutazungumzia magurudumu.