Ndege wa Uluguru, nyangumi wa Zanzibar na masikio ya mwanao

Ukikaa kwenye foleni ya kliniki ya watoto hapa Morogoro, kuna maneno utayasikia kabla hujafika kwenye mizani: "Ataongea tu, hata baba yake alichelewa." Mara nyingi ni kweli, mtoto huongea baadaye na maisha yakaendelea. Leo tuzungumzie zile mara ambazo si kweli. Ila kabla ya kufika kwa mtoto, mzazi, naomba tupite kwanza mlimani na baharini. Huko kuna viumbe wanaojifunza sauti kwa sikio kama watoto wetu, na ukiwaelewa wao hutasubiri tena kwa mazoea.

Kila mlima na wimbo wake

Tuanze juu ya mji wetu. Ukipanda kwa njia ya Morningside kuelekea kilele cha Bondwa, ukifika msituni utamwona ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, akifyonza maji matamu ya maua. Kwa Kiswahili anaitwa chozi. Wapo chozi wa aina nyingi nchini, lakini mmoja wao, ambaye wataalamu wanamwita Cinnyris loveridgei, haishi mahali pengine popote duniani isipokuwa Milima ya Uluguru.

Ndugu zake wa karibu wako kwenye milima mingine. Usambara na Upare wana wao, Udzungwa wana wao, Nyanda za Juu Kusini vilevile. Ndege hawa wamezoea msitu wenye baridi na ukungu, na katikati ya mlima na mlima kuna nyika yenye joto. Kwao kila mlima ni kama kisiwa, hawavuki kwenda kusalimiana.

Watafiti, wakiwamo Jay McEntee na Rauri Bowie kutoka Marekani pamoja na Chacha Werema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walizunguka milima hii wakirekodi nyimbo za chozi zaidi ya 100. Matokeo waliyochapisha mwaka 2021 yaliwashangaza wengi. Kwanza, nyimbo zinatofautiana kati ya koo na koo, na baadhi zinatofautiana sana. Pili, na hili ndilo la ajabu, zipo jamii za chozi zilizotengana kwa mamia ya maelfu ya miaka ambazo bado zinaimba wimbo unaokaribiana kabisa.

Jiulize hilo linawezekanaje. Chozi hazaliwi na wimbo kichwani. Yumo katika kundi kubwa la ndege ambao kinda hujifunza kuimba kwa kuwasikiliza wakubwa. Kwa hiyo ili wimbo udumu muda wote huo, kila kizazi kimeusikia vizuri na kuurudia vizuri, bila kukosekana wa kufundisha.

Na je, kinda asiposikia? Hilo lilijaribiwa Marekani kwa ndege wengine, shomoro wenye kichwa cheupe wa California. Mtaalamu Peter Marler alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba ndege hao wana lafudhi, yaani eneo moja linaimba hivi na eneo jirani linaimba vile. Kinda aliyetengwa na wakubwa alikua akitoa wimbo uliopungua, usio wa eneo lolote. Tena kulikuwa na dirisha la muda: aliyesikia wimbo katika wiki zake za mwanzo aliushika, na aliyecheleweshwa hakuushika sawasawa.

Nyangumi naye ana kwao

Sasa tushuke baharini. Kuanzia mwezi wa saba hivi hadi wa kumi na moja, nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari ya baridi ya kusini mwa dunia kuja pwani ya Afrika Mashariki kuzaa na kupandana. Wavuvi na waongoza watalii wa Mafia na wa Mnemba, Unguja, wanawajua. Madume huimba, na wimbo mmoja unaweza kuchukua dakika kumi na zaidi kabla haujaanza upya.

Madume wa bahari moja huimba wimbo mmoja, na ukienda bahari nyingine unakuta wimbo mwingine. Mfano wa karibu na sisi uko Oman, ambako wengi wetu tuna ndugu. Kuna nyangumi wenye nundu wachache sana wanaokaa Bahari ya Uarabuni mwaka mzima bila kuhama, na vipimo vya vinasaba vinaonyesha walitengana na wenzao wa kusini takriban miaka 70,000 iliyopita. Wimbo wao haufanani na ule wa nyangumi wanaokuja upande wetu.

Nyangumi wana jambo moja la kuwatofautisha na chozi: wimbo wao hubadilika haraka, kama mtindo wa muziki. Mwaka 1996, mashariki mwa Australia, watafiti walisikiliza nyangumi 82 wakiimba na kukuta wawili tu wana wimbo mgeni, unaofanana na ule wa magharibi mwa nchi hiyo. Kufikia mwaka 1998 wimbo wa zamani ulikuwa umetoweka, wote wakiimba ule mgeni. Hakuna damu inayobadilika kwa miaka miwili. Waliusikia, wakaupenda, wakaushika.

Kwa hiyo mlimani wimbo umetulia na baharini unakimbia, lakini njia ya kuupata ni ileile, sikio.

Mtoto huanza kusikia kabla hujamshika

Mtoto wa binadamu yumo katika kundi hilihili. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito anasikia sauti, hasa ya mama yake, na anaanza kuzoea mapigo ya lugha. Mwaka 2009 watafiti nchini Ujerumani walilinganisha vilio vya watoto wachanga 60 wenye umri wa siku chache, nusu Wafaransa na nusu Wajerumani. Watoto wa Kifaransa walielekea kulia kwa sauti inayopanda, wa Kijerumani kwa sauti inayoshuka, kama lugha za mama zao zinavyokwenda. Siku chache tangu kuzaliwa, na kilio tayari kina kwao!

Kati ya miezi sita na kumi na miwili, sikio la mtoto huanza kuchagua. Sauti za lugha anayoisikia kila siku zinazidi kuwa wazi kwake, na zile asizozisikia zinafifia. Ndiyo maana mtu wa Mgeta na wa Matombo, wote Waluguru, wanaweza kujuana kwa matamshi tu kabla ya kuulizana jina. Hawakusomea popote. Walisikia nyumbani.

Sasa fikiria mtoto ambaye dirisha hilo liko wazi na yeye hasikii vizuri. Halii kwa maumivu, haumwi homa, anacheka na anacheza. Nyumbani wanamwita mpole au mbishi. Kila mwezi tunaosema "ataongea tu" ni mwezi wa dirisha unaopita.

Mambo ya kuangalia

Mtoto mchanga hushtuka kwa kishindo cha ghafla. Akifika miezi sita hugeuka kutafuta sauti yako. Karibu na mwaka mmoja anaitika jina lake na kubwabwaja "ba-ba-ba, ma-ma-ma". Akitimiza miaka miwili anaunganisha maneno mawili, kama "mama maji". Kama mwanao yuko nyuma ya hapo, usisubiri. Mwite akiwa amekupa mgongo, bila kupiga hatua wala kutikisa kitu, uone kama atageuka. Hata akigeuka, kama bado una shaka mpeleke kituo cha afya na uombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo apimwe usikivu.

Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazozuilika. Nyingi tunazijua: sikio linalotoa usaha na kuachwa wiki kadhaa, surua, homa ya uti wa mgongo, manjano kali ya mtoto mchanga, na rubela anayoipata mama akiwa mjamzito. Chanjo ya surua na rubela inatolewa nchini tangu mwaka 2014, mtoto akiwa na miezi tisa na tena miezi 18. Ile ya pili wengi wanaisahau kwa sababu mtoto ameshaanza kutembea. Fungua kadi leo uangalie.

Usaha sikioni utibiwe hospitali. Usimimine mafuta, maji ya majani wala maziwa ya mama, na usiingize vijiti vya pamba. Na ikigundulika mtoto hasikii, safari haijaisha. Kuna vifaa vya usikivu, kuna lugha ya alama, na tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto wanaofaa. Vyote hivi vinamsaidia zaidi mtoto aliyefikishwa mapema.

Bibi aongee Kiluguru?

Hili naulizwa sana. Wazazi wanaogopa kwamba Kiluguru cha bibi, Kiswahili cha nyumbani na Kiingereza cha shule vitamchanganya mtoto. Lugha mbili au tatu hazimletei mtoto tatizo la kuongea. Atachanganya maneno kwa muda, kisha atajipanga. Kinachomnyima ni kimya: redio inayonguruma siku nzima bila mtu kuzungumza naye, au simu anayopewa atulie. Sauti ya simu haimjibu akibwabwaja. Bibi anamjibu.

Kwa hiyo mwache bibi amwimbie Kiluguru, nawe umsimulie kwa Kiswahili unapomwogesha na unapochambua mchicha. Halafu sikiliza yeye anarudisha nini. Asiporudisha kitu, hiyo ndiyo siku ya kwenda kliniki.