Acheni Kutuuzia Vidonda vya Tumbo

Kariakoo, Dar es Salaam, kuna ugonjwa mmoja tu wa tumbo, nao unaitwa vidonda. Ukihisi moto chini ya kifua, vidonda. Ukikosa hamu ya chakula, vidonda. Ukiamka usiku umejikunja kwa maumivu yanayopenya hadi mgongoni, vidonda, tena "vimekomaa". Mgonjwa anajitajia ugonjwa mwenyewe akiwa amesimama kaunta ya duka la dawa, anamwita muuzaji "dokta", anatoa noti, anaondoka na omeprazole na chupa ya dawa ya kutuliza asidi. Wiki tatu baadaye yuko palepale. Anauziwa tena, na hakuna anayemuuliza neno. Nasema bila kuzunguka: kaunta hiyo inaua watu, na sisi tunaipangia foleni.

Nyuma ya mfuko wa chakula, karibu kabisa na uti wa mgongo, limejilaza kongosho, kiungo chenye urefu wa sentimita kama 15. Ndilo linalotoa maji ya kusagia mafuta tunayokula na insulini inayotawala sukari mwilini. Saratani ikiota huko haionekani wala haipapasiki, na inaweza kukua kwa muda mrefu mtu akiendelea kufungua fremu yake asubuhi na kuhesabu mzigo. Mwaka 2022 watu zaidi ya 500,000 duniani waligunduliwa nayo, na katika mwaka huohuo watu wapatao 467,000 walikufa kwayo. Namba hizo mbili zimekaribiana mno. Ndiyo maana kila wiki inayopotea kwa vidonge vya vidonda inaniuma.

Na dalili zake si siri. Kichwa cha kongosho kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mwembamba, na mrija wa nyongo unapita humohumo. Uvimbe ukiubana mrija, nyongo inakosa njia na kurudi kwenye damu. Macho yanageuka manjano. Mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Kinyesi, ambacho rangi yake hutokana na nyongo, kinapauka, na kwa kuwa mafuta hayasagwi kinakuwa cha kunata, chenye harufu kali, kinaelea na hakiondoki kwa maji. Ngozi inawasha mwili mzima, mtu ananunua dawa za mzio. Yote haya yanaweza kutokea bila maumivu hata kidogo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika: haiumi, basi si kitu. Daktari wa upasuaji wa Uswisi, Ludwig Courvoisier, aliandika mwaka 1890 kwamba mgonjwa mwenye manjano ambaye kifuko chake cha nyongo kimevimba bila kuuma asidhaniwe haraka kuwa ana mawe. Miaka zaidi ya 130 imepita, na sisi tunamwambia mtu wa namna hiyo anywe maji ya mwarobaini kwa sababu "ini limechoka".

Tena mazingira yetu yenyewe yanazificha dalili hizi. Nani anaona rangi ya kinyesi kwenye choo cha shimo, au kwenye choo cha kulipia sokoni ambako nyuma yako watu watano wanagonga mlango? Nani anaona manjano ya jicho kwenye fremu ya ghorofa ya chini inayowashwa taa mchana kutwa? Mtoe mwenzako nje, juani, umtazame weupe wa macho. Ngozi yetu haitakuonyesha mapema, jicho litakuonyesha.

Uvimbe ukiwa kwenye mwili au mkia wa kongosho, mrija wa nyongo uko mbali na manjano huenda yasije kabisa. Yanabaki maumivu ya tumbo la juu, maumivu ya mgongo yanayozidi ukilala chali na kupungua ukiinama mbele, na kukonda. Kukonda! Hapa ndipo Kariakoo inaponichoma roho. Mfanyabiashara akianza kupungua, mkanda ukaongezwa tundu, mtaa mzima unakuwa na jibu. "Kakanyaga miwaya", yaani ana Ukimwi. Au amerogwa na jirani wa fremu. Au amelishwa kitu kwenye chakula. Mgonjwa anayasikia yote hayo, anajifungia, anavaa shati juu ya shati ili asionekane. Umbea unamfukuza hospitali kwa nguvu kuliko umaskini. Na kwa mama lishe mnene akipungua, hali ni mbaya zaidi: anapongezwa.

Kuna dalili nyingine ambayo hata zahanati zinaipita. Mtu wa miaka 50 na zaidi anapata kisukari ghafla, si mnene, kwao hakuna mwenye kisukari, na badala ya kunenepa anakonda. Anapewa metformini, anaambiwa apunguze ugali. Nisieleweke vibaya: kati ya watu 100 wa umri huo wanaopata kisukari kipya, ni kama mmoja tu atakayekutwa na saratani ya kongosho ndani ya miaka mitatu. Lakini kisukari kipya kikiandamana na kukonda na tumbo linalouma, huyo si mgonjwa wa kupewa vidonge na kurudishwa nyumbani. Apimwe tumbo.

Sasa tuje kwenye kipimo kinachopendwa kuliko vyote, cha tone la damu la bakteria wa vidonda. Kinafanywa kila kona, jibu linatoka dakika chache, na jibu karibu kila mara ni "unaye". Bila shaka unaye! Zaidi ya nusu ya watu wazima wa Afrika wana bakteria huyo au waliwahi kuwa naye, na kipimo cha damu hakitofautishi ambukizo la leo na la miaka kumi iliyopita. Kumwambia mtu mwenye kingamwili hizo kwamba tumelipata chanzo cha maumivu yake ni uzembe unaouzwa kama sayansi. Vidonda vya tumbo vipo, vinatesa watu, na dawa zake ni nzuri. Ninachokipinga ni kuvitibu mwezi wa kwanza, wa pili na wa nne bila mkono wa daktari kugusa tumbo hilo hata mara moja.

Wapo watakaoniambia: wewe unapiga kelele za bure, hii saratani haina dawa hata Marekani. Kweli, huko kati ya wagonjwa 100 ni kama 13 tu wanaofikisha miaka mitano. Lakini wale waliokutwa ugonjwa haujatoka kwenye kongosho, wanaofika hapo ni zaidi ya 40 kati ya 100. Ukishasambaa mbali, ni watatu. Tofauti hiyo inaletwa kwa kiasi kikubwa na muda, kwa sababu upasuaji wa kuondoa kichwa cha kongosho hauwezekani tena uvimbe ukishaizingira mishipa mikubwa ya damu. Hata asiyeweza kupona ana haki zake. Anaweza kuwekewa mrija mdogo wa kufungua njia ya nyongo, muwasho ukaisha na hamu ya kula ikarudi. Anaweza kupata morfini ya maji kwa maumivu. Na kwa watu wetu kuna jambo lisilosemwa kwenye vitabu vya tiba: nusu ya biashara ya Kariakoo imo kichwani mwa mwenye nayo. Nani kachukua mzigo kwa mali kauli, nani anadai, kontena la Guangzhou limelipiwa kiasi gani. Mtu akifa wiki chache baada ya kuambiwa ukweli, mjane anaachiwa wadai mlangoni na wadaiwa wasiojulikana. Miezi sita ya kujua mapema ni shule ya watoto.

Na tusiseme tuko mbali na hospitali. Mnazi Mmoja iko pembeni ya Kariakoo, unakwenda kwa miguu. Muhimbili iko Upanga, safari fupi ya bajaji. Taasisi ya Saratani Ocean Road, yenye majengo yaliyoanza kujengwa na Wajerumani katika karne ya 19, iko ufukweni, ng'ambo ya katikati ya jiji. Machinga wa Mtaa wa Kongo anakaa karibu na madaktari wa saratani kuliko mkulima yeyote wa Katavi, na bado wengi wanafika wamechelewa sana.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya uzembe wetu. Kampeni za saratani ya shingo ya kizazi na ya matiti ni njema na ziendelee, ila tumbo limesahauliwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa tangu 2023, na kuli anayebeba magunia Shimoni angali anachagua kati ya ultrasaundi na kodi ya chumba. Baraza la Famasi ndilo linalosajili maduka ya dawa. Liweke sharti kwamba anayerudi mara ya pili kwa dawa za vidonda aulizwe mambo manne kabla ya kuuziwa: rangi ya mkojo, rangi ya choo, uzito, maumivu ya mgongo. Akijibu ndiyo hata kwa moja, apewe karatasi ya kwenda hospitali. Muuzaji atapoteza mauzo ya siku moja. Sawa, ayapoteze.

Na ninyi wafanyabiashara mnayo nguvu ya kudai. Mei 2023 mlifunga maduka kwa sababu ya kodi na kamatakamata, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja viwanja vya Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Juni 2024 mkafunga tena. Jiji lilitetemeka, wateja wa nchi jirani wakakosa bidhaa. Sijasikia mkifunga hata mlango mmoja kwa ajili ya miili yenu. Mkikaa tena na mawaziri, wekeni mezani kliniki ya tumbo ndani ya Kariakoo, yenye ultrasaundi, inayofungua jioni baada ya mauzo.

Kabla hiyo kliniki haijaja, mtu ambaye dawa za vidonda zimemshinda wiki mbili aende Mnazi Mmoja na amwambie daktari hivi, bila aibu: natumia dawa hizi tangu tarehe fulani, nimepungua kilo kadhaa, mkojo wangu ni mweusi, naomba nipimwe bilirubini na ultrasaundi ya tumbo. Akiambiwa ni homa ya ini, aombe kipimo cha homa ya ini. Kikirudi hakina kitu na macho bado ni ya manjano, aulize nyongo imezibwa wapi, na asitoke chumbani humo hadi aandikiwe rufaa ya Muhimbili kwa kipimo cha CT.