Kuhesabu Vipanga Jioni: Somo la Uaminifu

Kila mwaka baridi iingiapo Ulaya na Asia, mvua huwa zimekwisha kuanza katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo. Ndipo ndege wawindao wa kaskazini, miongoni mwao vipanga wembamba wazaliwao katika mbuga za Urusi na Kazakhstan, wahamiapo Afrika Mashariki. Mchana hutawanyika, magharibi hukusanyika kulala, vipanga hao chini katika majani marefu, kozi wadogo na mwewe juu ya miti. Twaona kwamba hapa pana kifaa cha Sayansi kisichonunuliwa, nacho hupuuzwa.

Kazi yenyewe ina utaratibu. Kwanza mwalimu aende mchana, aombe idhini ya mwenye shamba, atafute vinyesi vyeupe na vidonge vya mifupa na nywele ambavyo ndege hawa hutapika. Kisha achague wanafunzi wachache wa madarasa ya juu wakaao jirani, kwa ridhaa ya wazazi, maana watarejea gizani. Wakae kimya mbali na malalo tangu saa 11 na nusu hadi giza liingie, kila mmoja na upande wake wa anga, akiandika saa, idadi na ndege alikotokea. Malaloni asiingie mtu. Kazi irudiwe kila mwezi, Novemba hadi Machi.

Lakini shabaha yetu si ndege peke yao. Mwanafunzi aliyehesabu 7, akisikia mwenzake ametaja 12, hufuta 7 akaandika 12. Mwalimu akinyamaza, amefundisha uongo ulio nadhifu. Hesabu zote mbili zibaki daftarini, ijadiliwe kwa nini zimetofautiana: huenda kundi moja liliruka tena, likahesabiwa mara mbili. Na jioni isiyoleta ndege iandikwe 0, kwa wino ule ule. Mwenda bure si mkaa bure.

Wako watakaosema kwamba mwewe ni mwizi wa vifaranga, hastahili daftari. Mzazi aliyepoteza vifaranga asipuuzwe. Bali vidonge vipasuliwe darasani, ionekane kilicholiwa ni panya, panzi au kifaranga.

Ndugu walimu-wanafunzi, bonde la Malagarasi na Muyovozi liliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Wageni huja kulichunguza, kisha huondoka. Shule ya kijiji hubaki. Daftari lake, likiandikwa kwa kweli miaka 10 mfululizo, laweza kusema yale ambayo mgeni wa wiki moja hawezi kuyajua.