Mafuta Yasipofika Katika Injini ya Dizeli

Wenye mashine za kusagia posho waijua sana taabu hii. Asubuhi wanawake wamekwisha panga magunia mlangoni, injini yazungushwa, yakohoa mara mbili, kisha yanyamaza. Hapo wengi hushika spana na kuifungua pampu ya mafuta. Hilo ni kosa, tena la gharama. Pistoni ya pampu hiyo huingia tunduni mwake kwa nafasi nyembamba kuliko unywele, na chembe ya mchanga yatosha kuiharibu. Fundi hodari huanzia kwenye tangi.

Kwanza hutazama moshi. Injini ikizungushwa na bomba la moshi lisitoe kitu, yaelekea mafuta hayafiki. Likitoa moshi mweupe, yafika lakini hayaungui, na hiyo ni habari nyingine.

Injini iendayo vizuri nusu saa, ikafa, kisha ikawaka tena baada ya kupumzika, huenda tundu la hewa la kifuniko cha tangi limezibwa na vumbi la unga. Legeza kifuniko, kikivuta pumzi, ugonjwa umejulikana.

Kisha chota mafuta ya chini ya tangi katika chupa nyeupe, uyaache yatulie. Maji, kama yamo, yatakaa chini. Watu hupenda kumlaumu muuzaji, lakini maji mengine huzaliwa humo humo: tangi likiachwa nusu, usiku hewa yake hupoa na unyevu hugeuka matone. Afadhali tangi lijazwe jioni.

Adui mkubwa ni hewa, hasa baada ya kubadili chujio au kuacha tangi likauke. Hewa hubanika, mafuta hayabaniki ila kidogo mno. Pampu ikikuta mapovu hufanya kazi bure. Legeza skurubu ya kutolea hewa juu ya chujio, acha mafuta yatoke mpaka mapovu yaishe, ukaze. Fanya vivyo hivyo kwenye pampu, na mwisho kwenye nati ya bomba la nozeli, injini ikizungushwa. Mapovu yasipokwisha, tafuta mpira uliopasuka au nati iliyolegea. Bomba linalovuta mafuta laweza kunyonya hewa bila kudondosha hata tone, ndiyo maana wengi hulipita.

Kamwe usiweke kidole mbele ya nozeli. Mafuta hutoka hapo kwa nguvu ipitayo mara 100 ya hewa ya kawaida, nayo hupenya ngozi. Jeraha huonekana kama tundu la sindano, na pengine haliumi sana mwanzoni. Mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile, asingoje mkono uvimbe. Waliongoja wamekatwa vidole.

Ikiwa yote hayo yamefanywa na pampu bado haitoi kitu, ndipo ifunguliwe nzima kutoka kwenye injini, midomo yake izibwe kwa vifuniko safi, ipelekwe kwa fundi mwenye chombo cha kuipimia.