Kompyuta Bila ya Mwalimu ni Pambo

Tarehe 23 Septemba, 1964 elimu ilitangazwa kuwa bila ya malipo Unguja na Pemba, ili mtoto wa mkulima na wa mvuvi asome sawa na wa mwenye nacho. Leo usawa huo unapimwa kwa kipimo kipya: kompyuta na mtandao.

Skuli zilipofungwa Machi 2020 kwa maradhi ya korona, mwenye mtandao nyumbani alipata njia ya kuendelea na masomo. Wa shamba asiyekuwa nao alingoja milango ifunguliwe. Pengo hilo halizibwi kwa kugawa vyombo peke yake. Tukumbuke kwamba kuanzia Disemba 2009 kisiwa kizima cha Unguja kilikosa umeme wa Bara kwa takriban miezi mitatu. Hivyo basi, bajeti ya kompyuta haina budi kuhesabu pia umeme wa jua, fundi wa wilaya na mafunzo ya mwalimu; na masomo yahifadhiwe ndani ya kompyuta zenyewe, ili mtandao ukikatika darasa lisisimame.

Tunawanasihi wakuu wa elimu: kabla ya kukata utepe, ulizeni nani atafundisha na nani atatengeneza. Kompyuta iliyofunikwa kitambaa ofisini mwa mwalimu mkuu haimsomeshi mtoto wa Micheweni.