Wageni wa mashua hawafuati jua peke yake

Kila mara wakuu wetu wa utalii wanapopanda jukwaani, iwe ni London au Berlin, bidhaa ya kwanza wanayoinadi ni jua. Sina ugomvi na jua. Hapa Magunga, katika nchi ya Gwassi ambako nimekuja kupitisha likizo ya chuo, tunalo la kutosha na la kusaza, na anayetaka kulichukua kwa magunia hatutamzuia. Hata hivyo, kuna kundi moja la wageni ambalo hadithi ya jua hulisikiliza kwa sikio moja tu. Nalo ni la watu wanaomiliki mashua za matanga za masafa marefu, zile ambazo wengine huziita yoti, wanaoishi Ulaya lakini mashua zao wakaziweka ng'ambo. Katika miaka michache iliyopita watu hawa wametikiswa sana, na wengi wao wanatafuta kituo kipya. Nionavyo mimi, Kenya haijatambua barabara wanachokitafuta.

Msomaji asidhani kwamba ninazungumzia mabilionea. Wengi wa watu hawa ni walimu, wahandisi na madaktari waliostaafu, ambao akiba ya maisha yao imo ndani ya chombo cha mita 10 au 12. Huipanda ndege wakati wa baridi ya kwao, wakakisafiria chombo miezi mitatu au minne, kisha wakakiacha mikononi mwa walinzi na mafundi wa kigeni hadi mwaka ufuatao. Uamuzi wa wapi pa kukiacha ndio uamuzi mkubwa kuliko yote. Kosa moja la kuchagua bandari laweza kumpotezea mtu nyumba yake ya pili.

Kwa Waingereza, jibu la miaka mingi lilikuwa Bahari ya Mediterania. Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya, jibu hilo likaingia dosari. Tangu tarehe 1 Januari 2021, Mwingereza asiye na kibali cha ukaazi hawezi kukaa katika nchi za mkataba wa Schengen zaidi ya siku 90 katika kila siku 180, na mashua yake, ikiwa haijalipiwa kodi za Umoja huo, huruhusiwa kubaki miezi 18 kabla ya kulazimika kutoka. Mstaafu aliyezoea kuzurura visiwa vya Ugiriki kiangazi kizima sasa huzihesabu siku kama mwanafunzi wa bweni anayehesabu siku za kufunga shule. Waliokimbilia Karibi nao walikiona cha mtema kuni tarehe 1 Julai 2024, Kimbunga Beryl kilipokishukia kisiwa cha Carriacou, katika nchi ya Grenada, na kuzilaza chali mashua zilizokuwa zimejificha kwenye mikoko. Ajabu ni kwamba wengi walikuwa wamekwenda kusini huko kwa kuikimbia njia ya vimbunga.

Na Mashariki? Hapa ndipo habari inapotugusa. Mwishoni mwa 2023 wapiganaji wa Houthi wa Yemen walianza kuzishambulia meli katika Bahari ya Shamu, na wenye mashua ndogo wakaiogopa njia ya Suez kama walivyoiogopa enzi za maharamia wa Kisomali. Enzi hizo hazijasahaulika. Oktoba 2009 wenzi wawili Waingereza waliokuwa wakitoka Ushelisheli kuja Tanzania walitekwa katika mashua yao, wakazuiliwa zaidi ya mwaka mmoja. Februari 2011 Wamarekani wanne waliuawa ndani ya mashua yao baada ya kutekwa. Mashirika ya meli yaliiondoa Bahari ya Hindi katika orodha ya maeneo ya hatari kubwa tarehe 1 Januari 2023, lakini kabla ya mwaka huo kwisha maharamia walikuwa wamekwisha kuteka meli nyingine. Sifa njema hujengwa kwa miaka na hubomolewa kwa usiku mmoja.

Pamoja na hayo yote, hori la Kilifi lina mashua za kigeni zinazoelea humo salama. Kwa nini Kilifi? Anayejibu "jua" amekosa alama. Jua ni adui wa mashua. Tanga la kisasa hufumwa kwa nyuzi za aina ya plastiki, na miale ya Ikweta huzila nyuzi hizo pole pole hata kitambaa kikachanika kwa mkono. Rangi hupauka, mbao hupasuka, kamba hukauka. Mwenye mashua huja Kilifi licha ya jua la Kilifi, si kwa ajili yake pekee. Anachokifuata ni hori lenye kina na kinga, pepo zinazojulikana tarehe zake, na nafasi iliyoko pembeni mwa njia ya vimbunga.

Nieleze kidogo hili la vimbunga, kwa sababu walimu wa jiografia hulipita kwa haraka. Vimbunga vya bahari ni nadra kufika karibu na Ikweta, ndani ya takriban nyuzi 5 kila upande, kwa kuwa nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupinda upepo ni dhaifu huko. Kilifi iko chini kidogo ya nyuzi 4 kusini. Ila nadra si kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaing'oa mikarafuu yake mingi na kuziangamiza meli za Sultani Barghash. Pemba iliyosalimika ndiyo iliyochukua uongozi wa karafuu. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Afisa wa utalii anayewaambia wageni kwamba pwani yetu haijui tufani atakuja kuumbuka mbele ya kampuni za bima, ambazo huisoma historia kuliko sisi.

Kuhusu pepo, hapa nitaomba ruhusa ya kuuvaa uso wa mwanaisimu. Neno la Kiingereza la pepo za Bahari ya Hindi, ambalo watoto wetu hulikariri darasani kama ufunuo kutoka ng'ambo, linatokana na neno la Kiarabu lilelile lililotupa sisi "msimu", nalo liliwafikia Waingereza kupitia kwa Wareno. Mabaharia wa pwani yetu walikuwa wakiyapanga maisha yao kwa kaskazi na kusi kabla Vasco da Gama hajafika Malindi mwaka 1498 na kupewa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Wao walikuwa na majina ya upande wa chombo unaopigwa na upepo, yaani joshini, na upande wa pili, demani. Walikuwa na kalafati ya kuziba nyufa za mbao na deheni ya kupaka chini ya chombo ili wadudu wasiile. Leo nikiwauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu maana ya deheni, darasa hunyamaza. Nikiwauliza maana ya "kwenda mrama" hujibu mara moja, ila hawajui kwamba mrama ni kule kuyumba kwa chombo baharini. Na huku ziwani ukitamka "matanga" vijana huwaza disko ya kilioni.

Sisemi haya kwa kulilia lugha, ingawa kuililia ndiyo kazi inayonilisha. Neno likifa, mara nyingi huwa limetanguliwa kaburini na kazi iliyolizaa. Mwenye mashua akishapanda ndege kurudi kwao, ni nani atakayelifunika tanga, atakayekagua kamba za nanga, atakayelisugua tumbo la chombo na kulipaka dawa? Huo ndio mshahara uliomo katika biashara hii, nao hudumu miezi minane au tisa wakati mgeni mwenyewe hayupo. Pwani yenye maji kupwa na kujaa ya zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua humpa fundi gudi la bure: chombo huegemezwa ufuoni, maji yakatoka, tumbo likafanyiwa kazi kabla ya kujaa tena. Ustadi wa kufanya hivyo umo vichwani mwa mafundi wa majahazi wa Lamu, na sijaona serikali ikiuchukulia kama bidhaa.

Mwalimu mmoja wa sekondari hapa Magunga alinisikiliza nikiyasema haya, akacheka. "Daktari," akaniambia, "sisi tunalilia barabara na maji ya mfereji, nawe watuhubiria matanga ya wazungu. Tena mashua hizo zitafikaje ziwani?"

Swali lake la pili ni zuri. Hazitafika. Hakuna njia ya maji kati ya Ziwa Viktoria na bahari ambayo mashua inaweza kuipita. Mto Nile una maporomoko yake. Vyombo vya kigeni vya zamani vilivyoelea hapa kwa kawaida vilikuja vipande vipande. Stanley aliizunguka nyanza hii mwaka 1875 kwa mashua iliyobebwa na wapagazi kutoka pwani, na meli ya William Mackinnon, iliyoshushwa majini Kisumu mwaka 1900, nayo ilifika kwa vipande. Hata Flipflopi, lile jahazi la Lamu lililoundwa kwa plastiki iliyotupwa na kufunikwa kwa malapa, na ambalo mwaka 2021 lilitembezwa katika ziwa hili, halikufika kwa kuteleza juu ya maji.

Hivyo simwahidi mwalimu wangu kwamba mstaafu wa Southampton atatia nanga Sindo. Ninachosema ni kwamba maswali anayoyauliza mstaafu huyo ndiyo maswali ambayo mvuvi wa Sindo amekuwa akiyauliza bila ya mtu kumjibu. Nikipatwa na dhoruba usiku, ni nani atakayekuja? Utabiri wa upepo nitaupata wapi, na kwa lugha gani? Nikivuka mpaka ambao hauonekani majini, ni askari gani atakayenikamata? Mombasa imekuwa na kituo cha kuratibu uokoaji baharini tangu 2006. Ziwani tumezika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018, mbali na wavuvi wa dagaa, au omena kama tuwaitavyo, wanaozama wawiliwawili bila ya kuandikwa gazetini. Na kuhusu mipaka, wavuvi wa kaunti jirani ya Migori wanaweza kutusimulia habari za Migingo. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa hili. Samaki hawalijui hilo, lakini wenye bunduki wanalijua.

Mtu wa Gwassi akiambiwa kwamba mashua ni mambo ya kigeni, amesahau asili yake. Wazee wa Abasuba walifika pande hizi kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda ya leo. Lugha yao, Olusuba, ni ya Kibantu, nayo imemezwa na Kijaluo hata vijana wengi wa hapa hawana neno lake hata moja. Kijaluo chenyewe kina "yie" kwa chombo na "wath" kwa mahali pa kukiegesha. Hatukukosa maneno. Tulikosa kuyatia katika mtaala, na vyuo vyetu vya ufundi vya kandokando ya ziwa vingefanya vyema kufundisha uundaji na ukarabati wa mashua kwa bidii ileile ya ushonaji na useremala. Ziwa letu halina maji kupwa na kujaa, kwa hiyo linahitaji reli ya kuvutia vyombo nchi kavu. Reli hiyo ingemfaa mvuvi kabla ya kumfaa mtalii kutoka Nairobi au Mjaluo anayerudi likizo kutoka Marekani akiwa na hamu ya kununua mashua ya kupunga upepo.

Tangu mkutano mkubwa uliofanyika Nairobi Novemba 2018, serikali imekuwa ikiimba "uchumi wa samawati". Jina lenyewe lina kichekesho: samawati asili yake ni mbingu kwa Kiarabu, kwa hiyo uchumi wa majini tumeupachika jina la juu. Hofu yangu, hata hivyo, iko chini, ufuoni. Palipo na maegesho ya mashua za starehe, bei ya kiwanja hupanda, na ua wa waya hufuata. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, inataja maziwa, pamoja na ardhi iliyo kati ya alama za maji kujaa na maji kupwa, kuwa ardhi ya umma. Lakini kwa kuwa ziwa halipwi wala kujai, huku kwetu hakuna ukanda wa ufuo unaolindwa kwa maneno hayo dhahiri kama wa Kilifi. Ukitoka majini hatua chache unaweza kuwa umeingia katika shamba la mtu mwenye hati. Wauzaji wa viwanja wanaijua tofauti hiyo.

Kanuni za 2007 ziliwapa wavuvi kamati za kusimamia fuo zao, na walimu wengi wanaosoma ukurasa huu wana ndugu ndani ya kamati hizo. Mwekezaji atakapokuja na mchoro wa gati, kamati imuulize mambo matatu ambayo mstaafu wa Ulaya angeyauliza kabla ya kutoa senti: njia ya wote kufika majini itapita wapi na itaandikwa katika hati gani, redio ya kuitia msaada itasikilizwa na nani saa nane za usiku, na mafundi wangapi wa hapa watakuwa wamefunzwa kazi kabla ya mashua ya kwanza kuegeshwa. Majibu yaandikwe, yasomwe hadharani kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, na nakala moja ibaki shuleni.